Ufagio Haukuwa Tamathali

Jumatatu, tarehe 4
Binti yangu atafundisha kanisani Jumapili! Kitindamimba wangu! Mchungaji mwenyewe kamwomba. Somo: tamathali za semi katika Maandiko. Miti ikipiga makofi, hiyo tashihisi, mti umevikwa utu. Jicho ling'olewe, hiyo chuku, jambo limetiwa chumvi. Yote kanieleza huku akisuuza vyombo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikampasha habari kiongozi wa kwaya. Kasema hongera kama anayemeza kidonge bila maji.

Jumanne, tarehe 5
Mpango: niwaandae kinamama, ili Jumapili waelewe na wamsifu. Kwenye kikao chao nikagusia kidogo tu. Saa moja na nusu. Kiongozi wa kwaya, mchokozi yule, akauliza mtu atajuaje lipi tamathali na lipi siyo. Sikujua. Nikamjibu: dada yangu, likikushinda kulitenda, hilo tamathali. Vigelegele! Jamani, mtoto kaitoa wapi akili kama si kwangu?

Alhamisi, tarehe 7
Siku ya usafi wa kanisa. Hakuja mtu. Mchungaji kakunja suruali, anafagia peke yake. Fundi cherehani katuma ujumbe kwamba usafi unaotajwa ni wa moyo. Mjane wa kona kavunja mfungo saa nne asubuhi, kwa chai ya maziwa, eti kufunga nako ni tamathali. Kiongozi wa kwaya kasema kumsamehe wifi yake ni chuku tupu. Mchungaji akauliza nani kawafundisha. Wote wakanitaja, tena kwa heshima. Somo la Jumapili limefutwa.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeungama kwa binti. Hakufoka. Kavua miwani, kaifuta weee. Kasema, Mama, neno lichukue lilivyo mpaka maneno jirani yake yakatae. Ngamia hapiti tundu la sindano. Ufagio unaingia mkononi. Nikaushika. Nikafagia kanisa zima hadi chini ya kinanda, yeye akimsihi mchungaji ofisini. Somo limerudi! Sharti moja la mchungaji: nifunge mdomo mpaka Jumapili. Nimeahidi kwa machozi.

Jumamosi, tarehe 9
Nimetii. Neno nimelichukua lilivyo: kasema mdomo, hakutaja kalamu. Vikaratasi arobaini vyenye somo lote, nimevipenyeza kimoja kimoja chini ya milango ya waumini. Nimewaongezea tamathali tatu alizozisahau binti; nimezitunga mwenyewe, kumpunguzia kazi. Mwisho kwa herufi kubwa: VITI VYA MBELE NI VYA NDUGU WA MWALIMU. WENGINE NJOONI NYOTE, JUMAPILI, SAA TATU KAMILI.