Malalamiko Kuhusu Msiba Ulioletwa na Okestra

Nandagala, Ruangwa
11 Agosti 2025

Kwa Kiongozi wa Okestra,

Shikamoo. Mimi ni Tunu Rahimu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Naahidi kueleza yote, hata yale ambayo bibi yangu angependa niyaache. Nalalamika kwa heshima kuhusu onyesho lenu la Jumamosi katika ukumbi wa parokia, kama ifuatavyo:

1. Mlikuja wote mmevaa nguo nyeusi, wala hamkucheka na mtu. Mwalimu wetu Fidelis akatangaza kwamba mtunzi wa muziki wa kwanza alifariki akiwa na miaka thelathini na mitano, akaacha mjane na watoto wadogo. Bibi yangu Zaina alisikitika sana. Alipoelezwa kwamba imepita miaka zaidi ya mia mbili, alijibu, "Mwalimu, kama sijahani msiba huo, kwangu mimi ni leo." Ndipo watu wakaanza kuwapa pole.

2. Muziki wa pili ulikuwa wa kisasa, na mtunzi wake, mzee wa miwani, alikuwa hai, amekaa mbele. Katikati mlinyamaza wote, pinde za fidla zikiwa juu. Huku kwetu wenye nguo nyeusi wakinyamaza, anayejua dua huanza. Mzee Sadiki akaanza, Wakristo wakasaidia, ukumbi mzima tukaitikia Amina. Mtunzi akajishika kichwa. Tukatambua kwamba yeye ndiye mfiwa wa karibu, akina mama wakaenda kumzunguka na kumbembeleza.

3. Tulileta unga na kuku. Mlivikataa mlangoni mwa basi. Anayekataa rambirambi hataki ujirani.

4. Kabla ya onyesho, Dada Teodosia, mpiga fidla wenu, aliniwekea fidla chini ya kidevu. Akasema mkimaliza atachagua mwanafunzi mmoja wa kumfundisha Nachingwea wakati wa likizo. Basi likaondoka haraka, hakuchaguliwa mtu. Hili nimeliweka la mwisho kwa sababu tumefundishwa kwamba mtu asianze na shida yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mvae vitenge. Watunzi waliofariki wafanyiwe arobaini kabla muziki wao haujapigwa. Ukimya upigwe marufuku katika muziki wilayani Ruangwa na, ikiwezekana, Nachingwea. Na okestra isirudi huku mpaka ikubali kuku.

Wasalimieni wapiga fidla wote, yule wa chelo anayekaa kama anakamua mbuzi, na dereva. Mtunzi mwambieni tunamwombea.

Wenu katika masomo na masikitiko,
Tunu Rahimu

Tanbihi: Nimemsomea bibi barua hii, hakufurahi. Tangu Jumamosi, akitwanga, husimamisha mchi juu akanyamaza, nasi nyumba nzima tunanyamaza mpaka aushushe. Jana nilimuuliza anamwombea nani. Akasema, "Simwombei mtu. Subiri, muziki bado haujaisha." Kwa hiyo ukimya msiuondoe. Kuku hatujamchinja. Je, Dada Teodosia bado anatafuta mwanafunzi? Nijibuni kwa basi la kwanza.