Kopo Linalopiga Picha

Mji wa Baraka, Jumatatu, tarehe 9 Juni

Asubuhi motari Vainqueur amepita na pikipiki yake ya abiria mbele ya nyumba yetu kama anayefukuzwa na nyuki. Kuku wamekimbilia jikoni, mimi nimekimbilia mtaroni. Shati jeupe limekwisha. Marthe, mke wangu, amesema kwa mtu wa miaka sabini na moja nimeruka vizuri.

Jumamosi shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, atachagua msimamizi wa barabara yetu. Tuko wawili: mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, na jirani yangu Saleh, mwenye boti tatu na maneno machache. Saleh anataka eti tukae na wamotari, tuzungumze. Kuzungumza! Mimi nina sayansi. Nimesikia redioni kwamba kuna nchi ambako kamera husimama peke yake kando ya barabara na kumkamata anayekimbia, bila polisi, bila filimbi. Nitakusanya maoni ya watu, kisha Jumamosi nimwekee shefu takwimu mezani.

Jumanne, tarehe 10

Nimeuliza watu thelathini sokoni: je, unakubali mashine ipige wanaokimbia barabarani? Ishirini na tisa wamekubali kwa shangwe. Wa thelathini alikuwa Saleh. Ushindi!

Halafu mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akanishika mkono. Alitaka kujua kama mashine itapiga kwa fimbo au kwa kamba.

Nilisema "ipige". Sikusema "ipige picha". Nimewarudia wote, mmoja mmoja, na mchoro mavumbini. Sasa kumi wanakubali, kumi na mmoja wanakataa, tisa wataamua wakiiona.

Basi wataiona.

Jumatano, tarehe 11

Kopo la maziwa ya unga. Kitako cha chupa kwa jicho. Masizi na mafuta kwa rangi. Nimepanda nguzo ya kando ya barabara mwenyewe kulitundika. Nimeshuka haraka kuliko nilivyopanga. Goti limevimba.

Lakini matokeo! Wamotari wote wamepunguza mwendo. Vainqueur amezima moto wa injini kabisa, akasukuma pikipiki kwa miguu. Nimeweka kiti kando ya barabara na kumweleza kila aliyeuliza, na wengine ambao hawakuuliza. Vainqueur akasema: "Mwalimu, mi nikienda pole-pole, haitanipiga foto?" Nikamjibu kwa usahihi: hapana, picha ni ya anayekimbia tu. Akashukuru sana. Mwanafunzi mzuri.

Alhamisi, tarehe 12

Balaa.

Nilipaswa kukumbuka. Hapa kwetu mtu hapigwi picha hivi hivi. Huoga, hujipaka mafuta, hutoa kitenge sandukuni. Saa mbili asubuhi Vainqueur amepita kama radi, amevaa koti la harusi la kaka yake, akilichekea kopo. Nyuma yake wengine kumi na mmoja, kila mmoja na abiria aliyepambwa. Mama muuza ndagala amepita mara mbili. Mara ya kwanza eti alifumba macho. Wamotari wanaotoka machimbo ya Misisi, ambao kwa kawaida hupita wamejaa vumbi, leo wamenawa kwanza ziwani.

Nimehesabu maoni upya: kati ya thelathini, wote wanaikubali kamera isipokuwa Saleh. Sijawahi kuwa na takwimu nzuri hivi, wala barabara mbaya hivi.

Ijumaa, tarehe 13

Leo Marthe. Mke wangu! Nyuma ya Vainqueur, kitenge cha Pasaka, mkono mmoja kwenye kilemba, mbio zote. Kwenye shimo la pili aliruka hadi nikaona hewa kati yake na kiti. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Alishuka akinyoosha kitenge. Akasema picha yetu ya harusi ilizama ziwani siku ya vita tulipokimbilia Kigoma, na tangu hapo hajapigwa nyingine. Akauliza ya leo itatoka lini.

Nimemweleza. Kwanza dhana ya kamera, kisha kopo.

Aliingia jikoni. Chakula cha mchana: ugali. Ugali peke yake.

Jumamosi, tarehe 14

Saleh amekuja asubuhi na Lionel, mpiga picha wa sokoni, mwenye kamera ya kweli. Wameweka benchi chini ya nguzo yangu na kutangaza kwamba anapigwa aliyesimama tu. Wamotari wote wamesimama. Wamezima moto, wamepanga foleni, na huku wakisubiri, Saleh akazungumza nao. Shefu alipofika, barabara ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Akamchagua Saleh hapo hapo.

Nilikuwa naingia ndani Saleh akaniita, mimi na Marthe, tukae kwenye benchi: "Mwalimu, kuya na mama hapa. Leo usieleze kitu, ucheke tu."

Alasiri Lionel ameleta picha. Marthe amependeza kama siku ile. Mimi nina mdomo wazi na kidole juu. Nilikuwa namfafanulia Lionel kuhusu mwanga.

Jumapili, tarehe 15

Marthe ameitundika picha juu ya meza. Kila akipita anacheka. Mboga imerudi.

Nimetafakari kanisani, wakati wa mahubiri, na kosa langu nimeliona wazi: nilieleza kidogo mno.

Isitoshe, boti za Saleh zinaondoka ufukoni kwa kasi mno, zinawalowesha wanaofua. Kopo bado ni zima. Nimepata na mti mrefu wa kusimika majini. Kesho naanza kukusanya maoni. Swali nimekwisha kuliandika: je, unakubali mashine ipige boti zinazokimbia?