Soketi ya Sebuleni na Mikorosho ya Malolo

Jumatatu, 16 Juni 2025. Nachingwea

Ushindi unanukia! Mama mkwe, Bi Mwanne, anakuja Ijumaa kutoka Malolo. Miguu inamsumbua, kwa hiyo anataka kuchagua nani kati ya waume wa binti zake wawili atamsimamia mikorosho. Miti mia mbili na arobaini! Waume wenyewe ni mimi, Isihaka, niliyemuoa Shamimu, na Harithi wa Ruangwa, aliyemuoa dada mtu, Rabia. Harithi ni mtu wa kuamka mapema na kunyamaza. Hana kingine.

Mimi nina mashine ya kufulia. Nimeinunua kwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa. Nimeshamtumia mama mkwe ujumbe aje na nguo zake zote chafu, akae kwenye mkeka, aone. Shamimu ameuliza kama nimeijaribu. Swali la kukatisha tamaa. Mashine haijaribiwi, inawashwa.

Jumanne, 17 Juni

Nimeiweka sebuleni, chini ya soketi. Nikamimina ndoo nne za maji. Plagi ikaingia nusu, ikagoma. Nikajua ni ule ugumu wa vitu vizuri. Nikawasha. Kimya. Nikaipiga kofi. Kimya.

Sikukurupuka. Uchunguzi wa kwanza: yuniti za umeme zipo. Wa pili: taa za nyumba zinawaka. Wa tatu: nimechomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, simu ikala chaji palepale. Na siku hizi wala sihitaji kusukuma njiti ya kiberiti kwenye tundu la juu, kama tunavyofanya sote kwa chaja za miguu miwili. Chaja inaingia yenyewe. Soketi imenizoea.

Kwa hiyo soketi ni nzima, mashine ndiyo mbovu. Nimempigia aliyeniuzia, nikampa maneno makali. Akasema hanisikii, mtandao unasumbua. Mbona mimi nilimsikia vizuri sana?

Jumatano, 18 Juni

Shamimu alishauri tuijaribu kwenye soketi ya chumbani. Nikakataa. Alipokwenda sokoni nikapata wazo langu mwenyewe la kuijaribu kwenye soketi ya chumbani. Nikaisukuma peke yangu, mgongo ukalia. Ikanguruma! Nimecheza. Nimempigia tena aliyeniuzia ili nimsamehe. Hakupokea.

Tatizo: chumbani mama mkwe haingii. Chumba cha mkwewe! Afadhali arudi Malolo kwa miguu ile ile mibovu. Nimwambie asikilize mngurumo akiwa sebuleni? Atadhani nimefungua mashine ya kusaga. Nikaazima ekstensheni kwa jirani yangu Saburi, ili niirudishe mashine sebuleni, nivute umeme kutoka chumbani. Dakika tano tu, ikanuka plastiki, ikalainika kama ugali wa moto. Saburi amenuna. Nimemwambia vifaa vyake ni dhaifu.

Hitimisho la kitaalamu: soketi ya sebuleni inaweza vitu vidogo, vikubwa inaviogopa. Na nani alikaa karibu nayo siku ya Idi, saa nzima, ametulia? Harithi! Alikuwa anatulia nini?

Alhamisi, 19 Juni

Sijala. Mama mkwe ametuma ujumbe kwamba mabunda ya nguo ni matatu, na mapazia yamo. Harithi atamsindikiza. Nikishindwa kesho, kila msimu wa korosho nitakuwa naketi kwa adabu nikimsikiliza Harithi akieleza mavuno, mpaka nife. Naogopa. Naandika hapa tu, nje sijamwambia mtu.

Mchana nikaamua kuifungua soketi kwa kisu cha mezani. Shamimu akawahi kuzima swichi kubwa kwenye mita, akaninyang'anya kisu, akamwita fundi Jastin. Nikampokea bila tabasamu. Nikamweleza nadharia yangu ya soketi inayoogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kijana mstaarabu. Kisha akamulika tochi kwenye tundu la juu. Sekunde tatu. Akauliza nani humu ndani anachaji simu kwa njiti. Nikasema wageni.

Shamimu alikohoa.

Jastin akafungua soketi, akatoa kipande cha njiti kilichovunjikia ndani. Hicho ndicho kilichoizuia plagi ya miguu mitatu isizame, na hicho hicho ndicho kilichokuwa kinaifungulia chaja njia. Akaweka soketi mpya, akawasha umeme. Plagi ikazama hadi mwisho. Mashine ikanguruma, sebuleni!

Nilikuwa nimekaribia kugundua. Kisu kingefika palepale. Jastin ameniasa nisiingize tena kwenye soketi kitu kisicho plagi. Nimemwambia ujumbe nitawafikishia wageni.

Ijumaa, 20 Juni

Siku yangu! Baada ya swala mama mkwe aliketi kwenye mkeka, amenipa upande kama adabu inavyotaka. Mimi mlangoni. Maneno yote yakapitia kwa Shamimu. Nikamwambia Shamimu amwambie mama yake atazame. Nikazungusha kitufe. Vitenge vikaanza kuzunguka. Mama mkwe akausogeza mkeka. Akausogeza tena. Mwisho akasimama mwenyewe, bila fimbo, akachungulia kwenye mfuniko.

Harithi akauliza inakula umeme kiasi gani. Mama mkwe akamwambia anyamaze, anasikiliza. Harithi kuambiwa anyamaze! Nimeshuhudia kwa masikio yangu.

Mapazia yalipotoka, meupe, akayanusa. Akatamka, na Shamimu akanifikishia ingawa nilikuwa nimeshasikia: "Mwambie mumeo, mikorosho aishike yeye. Siku hizi kazi zote ni mashine, na mtu wa mashine ndiye huyu."

Nikalia mbele za watu. Nikasema ni sabuni.

Jumapili, 22 Juni. Malolo

Msimamizi Isihaka! Leo nimekagua miti yote, mikono nyuma. Jioni mama mkwe ametuma kuniuliza kama naiweza mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ile ya kubeba mgongoni. Sijawahi hata kuishika. Nimejibu ninayo miaka kumi mgongoni, na kwamba kila mwenye mbovu hapa Malolo aniletee niitengeneze. Kesho saa moja asubuhi, nusu ya kijiji watakuja kujifunza kwangu.

Shamimu ameniomba nimtafute mtu anielekeze kidogo. Nimemuuliza kama ameshasahau Ijumaa. Halafu Harithi akapiga simu kutoka Ruangwa, na upole wake ule wa kuudhi. Eti nivae nguo kuukuu, nizibe pua, nisielekee upepo, maana salfa ni unga wa njano na ukishika nguo hautoki. Wivu mtupu! Nimemshukuru, nikakata simu.

Nimepiga pasi kanzu yangu nyeupe.