Malalamiko Rasmi Kuhusu Mpango Wako wa Kuja Kuvua Samaki

Nyuma ya Soko la Mifugo,
Garissa.

Ndugu Mtalii,

MINTARAFU: RATIBA YA LIKIZO YAKO YA PORINI

Assalaam aleikum. Mimi ni Rage, kaka yake mama yako, yule abti aliyekupandisha basi la Nairobi miaka kumi na minne iliyopita ukiwa na mkoba mmoja na mafua. Najitambulisha kwa sababu ratiba uliyoituma kwenye kundi la ukoo ina kurasa nne na picha kumi na moja, lakini jina langu sikuliona, nikahofia huenda Minnesota huko Marekani imekusahaulisha wajomba.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili. Kisomali kwetu ni cha kupendana na kugombana. Kiswahili ni cha ofisi. Nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo kwa miaka thelathini na moja, na mtu akinitumia mambo ya nyumbani yakiwa na vichwa vya habari na majedwali, mimi humjibu kwa namba. Kwa hiyo tafuta kiti, Sadik, usome.

Kwanza nakupongeza. Umeandika kwamba hii ndiyo likizo yako ya kwanza porini. Hongera sana. Mtu aliyezaliwa chini ya mgunga, akachunga mbuzi mpaka umri wa miaka kumi na miwili, akaumwa na nge mara mbili mguu ule ule, hatimaye amefanikiwa kufika porini. Pale ulipotia alama nyekundu kwenye ramani na kuandika "mazingira yasiyoguswa na binadamu" ndipo kilipozikwa kitovu chako. Mama yako aliyagusa mazingira hayo kwa miaka thelathini, mpaka ukame ulipommalizia ng'ombe akahamia hapa mjini na mbuzi watano. Labda yeye hakutimiza masharti ya kuitwa binadamu. Haya, malalamiko yangu ni kama yafuatavyo.

1. Uvuvi. Ratiba inasema kwamba kila asubuhi, masaa manne kamili, siku tano mfululizo, utavua samaki mto Tana. Sawa, mto ni wa Mungu. Lakini umeongeza kwamba ukishamvua samaki utampiga picha, kisha utamrudisha majini. Mstari huo nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimevaa miwani ya mke wangu Khadra. Katika utumishi wangu wote sijapata kuona mtu akimkamua ng'ombe, akayatazama maziwa, akayapiga picha, halafu akamrudishia. Nilimwuliza Sheikh Adow hukumu yake, naye akafikiri kidogo akaniuliza samaki mwenyewe amekosa nini. Jirani zetu wa kando ya mto, ambao huvua ili watoto wale, nilipowaeleza walidhani nawafanyia mzaha, na mmoja hajaniamkia tangu siku hiyo. Tena usisahau kwamba mto ule una mamba, na mamba wa Tana hawajaipata nakala ya ratiba yako. Wao hawarudishi.

2. Uwindaji. Hapa umeandika "wanyama wadogo tu", kama mtu anayeomba sukari kidogo. Rafiki yangu Golicha, askari mstaafu wa wanyamapori, ameniomba nikukumbushe kwamba kuwinda kulipigwa marufuku nchini kabla hujazaliwa. Nilimmiminia kikombe cha pili cha chai ili asiendelee. Hata hivyo sipendi kumvunja mgeni moyo, kwa hiyo nimekaa nikakutafutia mnyama. Swala ni jela. Twiga ni jela ndefu kama shingo yake. Ngiri ni haramu. Digidigi utatumia siku nzima kumtafuta na ukimpata hatoshi kitoweo cha paka. Anabaki fisi, na fisi kwetu huwa anawinda yeye, kwa hiyo itabidi mpange zamu.

Nguo nazo. Zile za madoadoa ya majani makavu ulizopigia picha usizivae, nakusihi kwa mema yote. Kutoka hapa hadi Liboi kuna vizuizi vya barabarani, na vijana walioko pale hawana subira na mwanamume mwenye ndevu, nguo za vita na mkoba mrefu anaodai ni wa ndoano. Mimi nina kitambulisho, mvi na barua ya pensheni, na bado hunishusha garini.

3. Hema. Mambo yaliharibikia hapa, na sehemu ya lawama nakiri ni yangu. Mama yako hajui kusoma, wewe unalijua hilo, akaniomba nimsomee ratiba ya mwanawe. Nikamsomea kikarani, neno kwa neno, bila kupamba: atavua samaki, atawinda, atalala kwenye hema, atapikia kuni, atakunywa maji ya mto baada ya kuyachuja. Sasa wewe fikiri kwa kichwa ulichozaliwa nacho, si hicho cha kununua. Kwetu mtu huenda mtoni kutafuta samaki mifugo ikimwishia. Huwinda akikosa hata mbuzi wa kukamua. Hulala kwenye hema akiwa amefukuzwa na vita au na njaa. Wewe umeyakusanya yote matatu katika ukurasa mmoja, tena ukaweka picha unacheka.

Mama yako Maka, maskini, aliweka tasbihi chini akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alisema mwanawe amefilisika huko ugenini na kwa aibu anaficha kwa mapicha. Sikuwahi kumwona akilia hata ule mwaka wa ukame. Kisha akaomba simu.

Alipiga simu tano tu. Desturi unaijua, au uliijua: mtu wa ukoo akiishiwa, kila nyumba hutoa mnyama mmoja ili aanze upya, wala haulizwi aliishiwaje. Kufikia adhuhuri Daud wa Liboi alikuwa ameshatoa mbuzi wawili. Wajane wawili wa Kutulo, ambao ukame uliwaachia mbuzi saba kwa jumla, wametoa jike mwenye mimba, na wakaomba radhi kwamba ni mmoja. Mzee mmoja wa Bute ambaye hajawahi kukuona, wala mimi simjui vizuri, ameahidi ndama wa ngamia. Hadi leo asubuhi una mbuzi ishirini na watatu katika ua wangu. Wamekula kanga ya Khadra, mwarobaini wangu mchanga na nakala ya kwanza ya barua hii. Khadra ameniuliza, kwa adabu yake yote, kati yangu na wao nani atahama.

4. Kwamba unayafanya haya kwa hiari. Nilipoona mbuzi wanazidi, niliwaita wazee nikajaribu kukutetea. Nikawaambia hukufilisika, una kazi, una nyumba, una friji linalotoa barafu lenyewe, na haya yote unayafanya kwa kupenda. Laiti ningenyamaza. Ufukara una dawa, ndiyo hao mbuzi. Lakini mwenye nyumba anayevuka bahari kuja kulala chini na nge kwa ridhaa yake mwenyewe, huyo wazee walisema hahitaji mbuzi, anahitaji kusomewa. Sheikh Adow amepanga kisomo cha siku tatu, kuanzia saa utakayowasili. Kinagongana na uvuvi. Nimemweleza kwamba ratiba yako imeshachapishwa, akanijibu kwamba na Qur'ani pia.

Mbuzi nao hawakurudishwa, maana kilichotolewa hakirudi. Kwa hiyo kwa sasa wewe ni fukara na ni mgonjwa, vyote viwili.

5. Kiongozi wako wa safari. Umeandika kwa fahari kwamba umempata mtandaoni "Bwana Wab, mtaalamu wa pori la kaskazini mashariki". Sadik, huyo ni Abdiwahab, mtoto wa mama yako mdogo Fosia. Mmenyonya ziwa moja miezi mitatu Fosia alipougua. Mmeandikiana Kiingereza mwezi mzima, yeye akikuita "sir" na wewe ukimwuliza kama wenyeji ni watu wakarimu. Huuza vifuniko vya simu karibu na msikiti, ana miaka thelathini na mitano, na pori analijua kwa dirisha la basi. Juma lililopita alikuja hapa na daftari kuniuliza kama kiboko hupanda mti. Nilimwambia hupanda, ila akiwa na njaa tu. Ameandika.

6. Matembezi ya kuona mandhari na watu. Siku ya nne umepangiwa kuitembelea "familia halisi ya wafugaji", kunywa maziwa ya ngamia na kusikiliza hadithi za kale mpaka jioni. Abdiwahab alitafuta familia hiyo akaikosa, maana wafugaji halisi wako mbali wanafuata majani. Basi akaja kuniomba nimpe mama yako kwa siku moja, avae mavazi ya zamani, akae mlangoni. Nilimwonyesha njia ya kutoka.

Nikamwambia kwamba mama yako tayari ana nafasi yake. Ipo ukurasa wa nne, chini, kwa herufi ndogo: siku ya saba, masaa mawili, kati ya kununua zawadi na kwenda uwanja wa ndege. Umeandika "Mama (muda unaweza kubadilika)". Mstari huo peke yake sikumsomea.

Hapo, Sadik, nilikasirika. Nimekasirika hadi ninapoandika haya, na sitafuti neno la ofisi la kuifunika hasira. Miaka kumi na minne. Mama huyu kila akiulizwa habari zako husema unakuja baada ya mvua, na mvua zimekuja zikaenda, na mwaka mwingine hazikuja kabisa. Wageni wa kweli kwetu hupewa siku tatu bila hata kuulizwa jina, na wewe umempa aliyekuzaa masaa mawili yanayoweza kubadilika. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakusema kwamba mtumwa atarudi kwao na kamera.

Kwa sababu hizo basi, nikiwa na akili timamu, naomba yafuatayo:

(a) Ratiba yote ifutwe, na samaki wa Tana wajulishwe.

(b) Ushuke ndegeni uje moja kwa moja kwenye mkeka wa mama yako, ukae siku zote saba, unywe chai ya maziwa mpaka utoe jasho, na uulizwe habari zako na kila jirani tangu mwanzo, hata kama ni kwa mara ya arobaini.

(c) Usipoweza hayo, usije kabisa. Nalisema hili nikiwa nimelipima. Afadhali mama aendelee kungojea mvua kuliko mtoto wake apite mbele ya mlango akielekea mtoni.

Nategemea utalishughulikia jambo hili kwa haraka. Khadra anakusalimu. Golicha anakusalimu kwa niaba ya swala. Wajane wa Kutulo wanakuombea dua, na wanauliza kama jike alifika salama. Wazee wanakusalimu wote, isipokuwa mmoja aliyesema atakusalimu baada ya kisomo. Nawe uwasalimie hao wenzako wa kazini waliokufundisha kuvua na kurudisha, uwaambie kwamba ukoo mzima umewasikia.

Wako kwa damu na kwa muhuri,

Rage,
Karani Mstaafu, Ofisi ya Mifugo.

Nakala: Sheikh Adow, Abdiwahab, mtaalamu wa pori, faili.

Tanbihi: Kwa taratibu za ofisi, barua husomwa mbele ya mhusika kabla ya kufungwa. Mhusika ni mama yako, kwa hiyo jana alasiri nilikaa naye nikamsomea yote haya nikiyageuza kwa Kisomali. Kwa mazoea ya miaka thelathini na moja sikuruka hata mstari. Nilipotanabahi nilikuwa tayari nimeimaliza ile namba sita.

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kisha akauliza samaki wao wamepewa muda gani. Nikamwambia masaa manne kila asubuhi, siku tano. Akahesabu kwa shanga za tasbihi, ishirini, akarudia kuhakikisha. Halafu akaniambia hivi: "Rage, nitie kwa samaki."

Nilijaribu kubishana naye. Alisema hana haja na siku saba za kulazimisha, na kwamba mtoto akiwa na shughuli mikononi huzungumza vizuri zaidi, hata ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyo. Basi (a), (b) na (c) nimeziondoa zote. Njoo na ndoano zako, na hema, na hizo nguo ukizikunja ndani ya begi. Sheikh amekubali kukusomea hapo hapo mtoni. Mahali penyewe Maka anapajua, na Abdiwahab naye atamfuata yeye. Watakuwa pale kila asubuhi kabla yako, mama yako amekaa kwenye mkeka karibu na maji.

Jambo moja hatukukuambia kwenye simu kwa sababu alitukataza. Macho yake hayaoni mbali tena, tangu mwaka juzi. Ukishuka garini usimpungie mkono kama unavyofanya kwenye picha. Mwite kwa sauti, ajue ni upande gani wa kugeukia.