Ombi la Kuuzuia Mvuke wa Bi Kalthoum

Bizerte, 22 Januari

Kwa Bwana (Si) Lamjed Ouerghi, Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi wa jengo letu

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na soksi zako kavu. Zangu si kavu. Tumeingia katika zile siku ishirini za baridi kali tuziitazo Usiku Mweusi, bahari inarusha maji hadi barabarani, na kuta za nyumba yangu hapa ghorofa ya pili zinatoka jasho kama bwana harusi.

Katika jasho hilo wamehamia wadudu. Unawajua: wale wadogo wa rangi ya fedha, wenye mkia wa nyuzi tatu, wanaopenda unyevu na kutimua mbio ukiwasha taa. Niliwahesabu hadi mia moja na arobaini, wakachanganyika, nikaacha. Kwa hiyo, kama nilivyokwisha kukudokezea, naomba mkutano wa Jumapili upige kura ya kumzuia Bi Kalthoum wa ghorofa ya kwanza kupika kuskusi yake ya ngano ndani ya jengo hili. Najua kwamba chungu hicho ndicho kinachomlisha mjane huyu, na ndicho kinachomsomesha binti yake Emna uuguzi. Mimi si mtu katili, ila nimelowa. Sababu zangu ni hizi:

1. Bi Kalthoum hupika kuskusi ya arusi na matanga ya nusu ya mji, na kila chungu hukirudisha kwenye mvuke mara tatu. Nilishuka kwake kwa adabu nikamwomba apunguze, iwe mara moja tu. Alinitazama kuanzia kofia hadi ndara, akasema, "Si Béchir, kuskusi ya mvuke mmoja kawape kuku wako." Ndugu Mwenyekiti, mimi sina kuku.

2. Mvuke huo hupanda kupitia shimo la hewa lililo katikati ya jengo. Kwa upande wangu nimejilinda ipasavyo. Tundu la jikoni nimeliziba kwa nailoni tabaka tatu, nikazibandika kwa uji wa unga. Dirisha la chumbani nililipigilia misumari miaka tisa iliyopita. Hewa ya nje haiingii kwangu hata kidogo, na bado wadudu wapo. Basi ni wazi wanatoka kwake.

3. Wamekula kumbukumbu za jengo. Ninazo nakala za kila barua niliyoiandikia kamati tangu mwaka 2004, maboksi kumi na moja, nimeyapanga nyuma ya kabati ambako hayamsumbui mtu. Ile kuhusu kondoo wa Si Moncef, aliyelazwa kwenye beseni la kuogea siku nne kabla ya Idi, imeliwa yote. Ile kuhusu taa ya ngazini wameila aya ambayo ndani yake nilikuwa na haki, wakaiacha ile niliyoombea radhi.

4. Kinga nimezijaribu zote. Nimeweka karafuu kwenye droo na maganda ya machungwa machungu chini ya godoro. Nimeweka chumvi kwenye visahani, kufikia asubuhi imekuwa maji. Zaidi ya hayo, kutwa nzima huchemsha sufuria ya majani ya mkaratusi juu ya hita ya gesi, kusafisha hewa, kama alivyofanya marehemu mama. Huijaza maji mara nne kwa siku. Wadudu hawatishiki. Wengine huja kukaa karibu.

5. Kwa kuwa haki haibagui, sheria iwaguse wote. Mloukhia, mboga ile ya mlenda ambayo wake zetu huichemsha kuanzia alfajiri hadi alasiri mpaka iwe nyeusi, ipewe nusu saa. Watu waoge kwa zamu, ghorofa moja kila juma. Ghorofa ya nne waanze mwezi wa tatu.

6. Machozi nayo ni maji. Mabibi wa ghorofa ya tatu hulia kila jioni mbele ya tamthilia ya Kituruki, na hulia kwa wingi. Walie barazani.

7. Mwisho ni pumzi. Pumzi ina unyevu, pumulia kioo utaona. Jengo lina watu thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ruhusa. Napendekeza wenye familia kubwa wapumulie juu ya paa hadi baridi iishe. Si Moncef ana watoto sita na anakoroma, kwa hiyo ni haki aanze yeye.

Naamini kamati itayapima haya bila kucheka, tofauti na mwaka jana. Nisalimie mkeo Bi Faouzia, nisalimie goti lako, wasalimie wakazi wote kuanzia chini hadi juu, hata walioacha kuitikia salamu zangu.

Ni mimi, mkazi mwenzenu,
Béchir Zouari
Mtunza kumbukumbu mstaafu, ghorofa ya pili

Tanbihi, Jumamosi. Bi Kalthoum ameisoma ajenda uliyoibandika ngazini, yenye jina langu na kuskusi yake. Alipanda kwangu na bakuli lililofunikwa kitambaa. Hakugomba. Alitaka tu kuwaona hao wadudu wake. Tulilisogeza kabati pamoja. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, maboksi yamelowa, na wadudu wamejazana ndani ya malalamiko yangu, wanene, na watoto wao. Akaitazama sufuria ya mkaratusi. Akaitazama nailoni, ambayo uji wake ulikuwa umeliwa. Kisha akauliza ile misumari ya dirisha ni ya nini.

Nilimwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku mmoja, miaka tisa iliyopita, nilisahau kulifunga dirisha, upepo ukamwingia mke wangu Mannoubia kifuani, na hakupona. Bi Kalthoum akasema, "Mannoubia alikuwa anaumwa moyo tangu kiangazi, Si Béchir. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa daktari. Alinikataza nisikuambie, alijua utamwandikia barua daktari."

Ni kweli, ningemwandikia. Nililia sana, Ndugu Mwenyekiti, ndani ya nyumba, kinyume na kifungu cha sita.

Misumari tumeing'oa kwa koleo la Si Moncef, na dirisha liko wazi. Barua hii ningeichana, lakini jina langu lipo kwenye ajenda na sijawahi kuahidi barua nisiilete. Isomeni kesho, kisha muikatae. Mkono wa kwanza utakaoinuka kuikataa ni wangu. Kuskusi ya bakulini nimeimaliza yote. Ilipita kwenye mvuke mara tatu. Ile ya mara moja kawapeni kuku.