Jogoo Wangu na Cheche za Uzee

Jumatatu, 2 Juni
Redio imeniokoa! Mhadhiri mmoja ameeleza kwamba ndani ya seli kuna mitokondria, yaani majiko madogo. Yakichoma chakula hutoa nguvu, na pia cheche zinazoula mwili polepole. Kuna protini za kutuliza cheche hizo, na baadhi ya wanyama wa maabara waliopunguziwa chakula waliishi zaidi. Akaanza kusema, "Lakini tahadhari..." betri ya redio ikaisha. Haidhuru. Nilikuwa nimeshaelewa.

Jogoo wangu ana miaka saba na anawika kama mwenye pumu. Tulipohamia boma hili, kama mila ya kuanzisha boma jipya inavyotaka, jogoo nilimbeba mimi, mwanangu Willis akabeba shoka, mke wangu Dorine moto. Dorine tumemzika. Willis yuko Nairobi na nikimpigia simu hashiki. Jogoo huyu hafi!

Jumanne, 3 Juni
Mahindi nusu kiganja, basi. Kisha nikamchovya kwenye beseni la maji baridi ili protini ziamke. (Hilo la baridi nimelibuni mwenyewe.) Akaninyea. Rispa, mjane wa ng'ambo ya ua, alichungulia akauliza kama namnyonyoa akiwa hai. Nikamwambia ni sayansi. Akasema, "Mwalimu, huyo kuku ako na njaa tu." Wivu!

Alhamisi, 5 Juni
Hakuwika. Nyumba kimya mno. Banda tupu. Nimelia, sioni haya kuandika. Nilienda hadi soko la Rodi Kopany kukagua kuku wa watu mmoja mmoja. Nikafukuzwa kama mwizi.

Jumamosi, 7 Juni
Yuko kwa Rispa! Anakula omena, dagaa wa ziwani, kifua mbele, anawika hadi anasikika barabarani. Rispa alisema nimchukue. Nikamshika, akanidonoa, akarudi jikoni kwake. Rispa alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kesho anapika samaki, na kwamba hata yeye amechoka kula peke yake. Nije, nikae na jogoo wangu.

Jumapili, 8 Juni
Harufu ya samaki ilivuka ua. Rispa aliita mara mbili. Nikajibu kutoka dirishani kwamba samahani, nimepunguza chakula: jogoo amenisaliti, sasa nitajijaribu mwenyewe. Baadaye nikamsikia akiongea na jogoo.

Nimekula nusu kiazi na kuoga maji baridi. Natetemeka, na hakuna wa kuniletea blanketi. Lakini cheche zinapungua, nazihisi! Nikiendelea hivi, nitakaa hapa miaka mingine thelathini.