Malalamiko Dhidi ya Vibano vya Pini na Fundi Aliyevifunga

Hinterlahn,
Jumatatu, 4 Februari

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapanda Milima, Tawi la Hinterlahn.

Mheshimiwa Korbinian,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazokistahili kiti ulichokalia. Nakuandikia kama Mwenyekiti, si kama mtoto wa marehemu kaka yangu, ingawa nimekubadilisha nepi na ningeweza kulitaja hilo mbele ya mkutano wowote. Desturi yetu unaijua: mtu akishapita mita elfu moja kwenda juu, vyeo hubaki bondeni, na hata hakimu huitwa kwa jina lake na kuambiwa "wewe". Jiko langu liko mita mia tisa na sitini. Kwa hiyo leo wewe ni Mheshimiwa, nami nitajitahidi ubaki hivyo mpaka mwisho wa barua.

Jambo lenyewe unalijua. Alhamisi tarehe 24 Januari, nikiwaongoza wanawake kumi na mmoja wa Kundi la Alhamisi kuteremka kutoka kilele cha Schafkofl, vibano vyangu vipya vya kushikia buti kwenye ski vilifunguka vyenyewe mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa pale juu ya korongo. Niliserereka kwa mgongo hatua arobaini, nikazuiwa na msonobari, na ski ya kushoto ikaenda zake mtoni, iliko mpaka leo. Zenzi wa kundi letu, mwenye miaka sabini, alikimbilia kunishika, naye akaponea chupuchupu. Kesho yake ukaninyang'anya kundi ukampa Romana Tasser, ukisema, "Ni kwa muda tu, shangazi, mpaka tujue kosa ni la nani."

Ijumaa hii kamati yako inakaa ili ijue kosa ni la nani. Naandika kuwapunguzia kazi. Kosa ni la vibano, na la Lenz Mitterer aliyevifunga. Naomba Lenz afutwe katika orodha ya mafundi wa tawi, nami nirudishiwe kundi nililoliongoza miaka kumi na tisa. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Vibano vyangu vya zamani havikuwa na kosa lolote. Vilikuwa vya fremu ya chuma, kila kimoja kizito kama kuku wa mayai, na vilinibeba miaka ishirini na sita. Nikiinua kisigino, fremu nzima iliinuka pamoja nacho ikilia kwa kila hatua, na kwa sababu hiyo kundi langu halikuwahi kunipoteza hata kwenye ukungu mzito. Mwezi wa Novemba ukatoa waraka kwamba viongozi wote waachane na fremu, wachague vibano vya pini, wafungiwe na fundi anayetambuliwa na tawi, na walete karatasi yenye sahihi yake. Waraka ulisema ni lazima twende na wakati. Wakati wenyewe unawahi wapi, waraka haukusema.

2. Uchaguzi. Lenz alinipangia aina nne juu ya meza ya duka lake. Mpango wa pini ni rahisi, hata mjumbe wa kamati anaweza kuuelewa: pini mbili zinaiuma buti kwenye ncha, kisigino kinabaki huru mtu anapopanda, na akifika kileleni anakigeuza kile kipande cha nyuma, kisigino kinabanwa, anashuka. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye mizani. Kibano kimoja kilikuwa na breki, cha pili hakikuwa na breki bali kamba kama ya kufungia mbuzi, cha tatu kilikuwa kizito kama mayai sita, na cha nne kama mayai mawili. Siku hizi watu wazima wanahesabu mayai. Romana amekata nusu ya mpini wa mswaki wake ili apunguze mzigo, kisha akifika kwenye nyumba ya wapandaji anakula mabonge matatu ya mkate na nyama ya moshi, na hakuna anayeuliza mle ndani mna mayai mangapi.

Lenz alinishauri nichukue cha mayai sita. "Hiki kinasamehe," alisema. Lakini Romana alikuwa amesimama nyuma yangu dukani na glavu mkononi, akasema kwa upole wake ule wa sindano, "Kweli mama, chukua hicho. Hivi vyepesi ni vya wepesi." Nikachukua cha mayai mawili. Nataka ieleweke kwamba nilikichukua kwa sababu za kitaalamu.

3. Mahojiano. Kabla ya kukaza skrubu, fundi hutafuta namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kibano kiuachie mguu kwa nguvu gani mtu anapoanguka: ikizidi, mfupa unavunjika kabla kibano hakijafunguka, ikipungua, kibano kinafunguka mtu akiwa anakata kona tu. Ili aipate, anamuuliza mtu urefu, umri na uzito. Anamuuliza kwa sauti, dukani, siku ya Jumamosi, Romana yuko nyuma, mke wa mwokaji yuko nyuma ya Romana, na bwana mmoja mgeni anayejidai kutazama soksi.

Mimi nimekuwa karani wa posta ya bonde hili miaka thelathini na sita. Nimepima vifurushi vya kila nyumba, na sijawahi kukitangazia kifurushi uzito wake mbele ya vifurushi vingine. Nikamjibu Lenz: kilo sitini na mbili. Akanitazama juu mpaka chini, akasema taratibu, "Walburga, mficha uchi hazai." Nikamwambia watoto watatu nimeshazaa, aandike. Akainua mikono yote miwili. "Haya. Ukisema wewe ni sitini na mbili, basi ni sitini na mbili. Nani atabishana na posta?" Akaandika. Huo ndio uchunguzi wote aliofanya fundi anayetambuliwa na tawi lako. Mtu aliyekabidhiwa miguu ya watu anauliza swali moja, anapewa jibu, analiamini.

4. Adhabu ya umri. Kumbe katika jedwali lao la kutafutia ile namba, mtu akipita hamsini anashushwa mstari mmoja, eti mifupa. Nina miaka sitini na moja. Mifupa yangu imebeba mifuko ya posta mpaka mashamba ya juu katika theluji ambayo wewe, Mheshimiwa, uliitazama dirishani ukiwa na kikombe cha maziwa. Kisha nikaulizwa kama mwendo wangu wa kuteremka ni wa mwoga, wa kati au wa jasiri. Lenz hakungoja jibu, akaweka alama kwenye "wa kati". Lenz huyu nilikaa naye dawati moja darasa la pili, na mwaka ule alilia kuvuka daraja la mbao mpaka nikamshika mkono. Wa kati!

5. Barafu. Pini zinaingia kwenye vitundu vya buti, na vitundu hujaa barafu. Zamani tulipofika kileleni tulipeana mikono, tukabusiana mashavuni, tukapitisha chupa ndogo ya pombe ya peasi. Sasa tukifika, wanawake kumi na wawili wanainama kama wanaotafuta pete iliyodondoka, kila mmoja anachokoa buti yake kwa pini ya nywele. Tunapomaliza, mashavu yameshaganda na hakuna anayetaka kuyabusu.

6. Fundi mwenyewe amekiri. Jumapili baada ya ajali Lenz alikuja kwangu na sinia la maandazi yenye jamu, akasimama mlangoni, kofia mkononi, hakutaka kuingia. "Walburga, hesabu nimeirudia mara tatu, sioni nilipokosea," alisema. "Lakini umeanguka. Ukianguka wewe, nimekosea mimi." Namuuliza Mheshimiwa: ni nani anayeomba radhi kwa kosa asiloliona, kama si mwenye hatia? Afra, mkewe, alinisimamisha mbele ya duka la mkate akaniambia tangu siku ile Lenz hajagusa bisibisi. Wateja anawapeleka kwa mafundi wa mjini. Asubuhi anafungua karakana, anakaa kwenye kigoda, anaitazama mikono yake. "Anasema karibu aue watu wawili," Afra aliniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimjibu kwamba kazi ya fundi si lelemama. Maandazi niliyapokea, maana kumrudishia mtu chakula ni utovu wa adabu. Yalikuwa manane, na hayakuwa mabaya.

Kwa sababu hizo, mbali na kufutwa kwa Lenz, naomba tawi lipitishe yafuatayo.

Kwanza, mizani iwekwe pale njia ya mlima inapoanzia, na kila mjumbe wa kamati aipande kabla ya safari, buti miguuni. Uzito wake ubandikwe kwenye ubao wa kanisa, kati ya saa za misa na matangazo ya vifo. Natarajia Mwenyekiti awe wa kwanza, kwa kuwa suruali uliyoivaa Krismasi sote tuliisikia ikilalamika ulipoinama chini ya mti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Pili, ikiwa mtu aliyepita hamsini lazima ashushwe mstari mmoja, tawi liiandikie serikali ili na milima ishushwe mstari mmoja kwa ajili yake. Haki ni haki. Schafkofl ikipunguzwa mita mia mbili, hakuna atakayeumia isipokuwa mbuzi mwitu, nao hawalipi ada ya uanachama.

Tatu, kama hilo haliwezekani, basi kushuka kupigwe marufuku. Nimelifikiria kwa makini. Kisigino kinabanwa kwa ajili ya kushuka, namba inatafutwa kwa ajili ya kushuka, mtu anaulizwa uzito wake mbele ya mke wa mwokaji kwa ajili ya kushuka. Wakati wa kupanda hakuna aliyewahi kuserereka hatua arobaini kwa mgongo. Tupande, tufike, tukae huko huko. Kamati inaweza kutuletea chakula, na mizigo itakuwa myepesi kwa kuwa ninyi nyote mnatumia vibano vya mayai mawili.

Naamini Mheshimiwa ataona kwamba hoja zangu hazina ufa. Hasira sina. Nasikitika tu kwamba tawi lililoanzishwa na watu waliopanda kwa mbao za kujichongea limefika mahali pa kuuliza wanawake maswali ya mnadani, kisha linashangaa ng'ombe akianguka.

Nisalimie mkeo Mechthild na watoto, na bibi yao, na yule ng'ombe aliyekuwa na kidonda cha kwato. Wasalimie wajumbe wa kamati kila mmoja kwa kimo chake. Hata Romana nisalimie, yeye na nusu ya mswaki wake.

Wako katika milima,

Walburga Ebenbichler
Kiongozi wa Kundi la Alhamisi
(aliyezuiwa kwa muda)

Nyongeza. Korbi, nilikuwa nalamba bahasha nikatazama dirishani. Lenz ameegemeza ngazi kwenye duka lake, anafungua skrubu za kile kibao chenye jina la baba yake. Afra ameishika ngazi huku analia. Barua hii usiwasomee kamati. Wasomee nyongeza hii peke yake, na Lenz awe amekaa mkutanoni anasikia.

Sitini na mbili ni uzito niliokuwa nao siku ya harusi yangu. Kwa mwanamke yule hesabu ya Lenz ilikuwa sahihi, na vibano vilifanya kama alivyoviagiza. Nimelijua hilo tangu nilipokuwa nimelala chini ya msonobari namsikia Zenzi akiniita, na nimenyamaza siku kumi na moja, nikala na maandazi yake. Naona aibu. Kundi abaki nalo Romana. Natoka sasa hivi nikamwambie Lenz mwenyewe kabla hajashuka na kibao, lakini uongo niliusema mbele ya watu, na ukweli usomwe mbele ya watu: kilo themanini na moja.